Kobalti, Unga na Bia: Soko la Katanga ni Huria kwa Nani?

Mwaka 2024 Serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipiga marufuku kuingiza bia na vinywaji baridi kutoka Zambia. Wasafirishaji wa upande wetu wakaandamana kupinga uamuzi huo, na mwezi Agosti Zambia ikafunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache, mpaka wajumbe wa nchi hizo mbili walipokaa na kuelewana. Siku hizo chache zilitosha kuwagawa watu wa Lubumbashi. Kuna waliosema kwamba nchi isiyolinda viwanda vyake haitakuwa na viwanda kamwe. Na kuna waliojibu kwamba nchi yetu imo katika COMESA, imo katika SADC, na tangu 2022 imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo haina ruhusa ya kuhubiri soko huria mezani kisha kulikana mpakani. Hoja zote mbili zina uzito wake. Hata hivyo pande zote mbili zilikubaliana, bila kujua, juu ya jambo moja ambalo mimi silikubali: kwamba uchumi wa Katanga, eneo letu la madini ambalo Lubumbashi ni mji wake mkuu, ni uchumi wa soko huria, hawa wakiulaumu kwa sababu hiyo na wale wakiutetea kwa sababu hiyo hiyo.

Maoni yangu ni kwamba shaba na kobalti ya Katanga haijawahi kuuzwa chini ya ubepari wa soko huria kwa kipindi chochote cha maana. Chini ya kampuni za wakoloni, chini ya chama kimoja cha Mobutu, na hata chini ya Kanuni ya Madini ya 2002 iliyosifiwa kuwa ya kiliberali, mfumo wetu umefanana zaidi na ule wa kale wa Ulaya ambao wanahistoria wa uchumi huuita umerkantili. Mifumo hii miwili huchanganywa kwa urahisi kwa sababu yote miwili ina wafanyabiashara, mitaji, meli na faida. Tofauti yake iko mahali pengine, na mahali hapo ndipo panapotuhusu.

Umerkantili ulifuatwa na watawala wa Ulaya, kwa namna zilizotofautiana hapa na pale, tangu karne ya 16 hadi mwishoni mwa karne ya 18. Thomas Mun, mmoja wa wakurugenzi wa kampuni ya Waingereza iliyofanya biashara na India, aliueleza katika kitabu kilichochapwa mwaka 1664, miaka mingi baada ya kifo chake: taifa litajirike kwa kuwauzia wageni kila mwaka vitu vyenye thamani kubwa kuliko vile linavyonunua kwao. Ziada hiyo ililipwa kwa dhahabu na fedha, na dhahabu na fedha ndizo zilizolipa askari na kuunda manowari. Kwa kuwa utajiri wa dunia ulidhaniwa kuwa na kipimo kisichoongezeka, faida ya nchi moja ilipaswa kuwa hasara ya nyingine. Ndiyo maana Colbert, waziri wa fedha wa mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, alipandisha ushuru wa bidhaa za kigeni na kuandika kanuni za namna kitambaa kinavyopaswa kufumwa na kutiwa rangi. Ndiyo maana pia Uingereza, mwaka 1651, ilitunga sheria kwamba bidhaa za Asia, Afrika na Amerika zisiingie nchini humo ila kwa meli za Waingereza, na mwaka 1721 ikakataza hata kuvaa vitambaa vingi vya pamba vilivyopigwa chapa, ili wafumaji wa sufu wasikose wateja. Koloni, katika mpango huo, lilikuwa na kazi ya kutoa malighafi na kununua bidhaa zilizokwisha kutengenezwa, bila kuthubutu kujenga kiwanda cha kushindana na vile vya mtawala.

Wapinzani wa mfumo huo walitokea ndani ya Ulaya yenyewe. Mwaka 1752 mwanafalsafa David Hume alieleza kwamba dhahabu inayorundikana nchini hupandisha bei za vitu, bei hizo huwafukuza wateja wa nje, na dhahabu huondoka kwa njia ile ile iliyoingilia. Hispania ilikuwa imekwisha kulipata somo hilo kwa gharama kubwa: fedha ya Potosí, mlima uliogunduliwa mwaka 1545, ilipita mikononi mwake ikaishia kwa wafanyabiashara na wakopeshaji wa nchi nyingine, huku bei zikipanda nyumbani. Adam Smith, mwaka 1776, akasema kwamba utajiri wa taifa hauko katika hazina ya mfalme, bali katika vitu ambavyo watu wake wanapata kula, kuvaa na kutumia. Kwamba uzalishaji wote una lengo moja, nalo ni matumizi. Na kwamba chini ya mfumo wa kimerkantili maslahi ya mtumiaji hutolewa kafara kila siku kwa ajili ya mzalishaji. David Ricardo akaongeza mwaka 1817, kwa mfano wake maarufu wa nguo za Uingereza na divai ya Ureno, kwamba nchi mbili zinaweza kufaidika pamoja kwa kubadilishana hata kama moja inaishinda nyingine katika kila kazi. Uingereza ilifuta sheria zake za kuzuia nafaka ya nje mwaka 1846, na sheria za meli mwaka 1849.

Watu wengi husoma historia hiyo kama ugomvi kati ya serikali na sekta binafsi, na hapo ndipo wanapopotea njia. Kampuni ya Waingereza ya India ya Mashariki, iliyopewa hati na malkia mwaka 1600, na ile ya Waholanzi, iliyoanzishwa mwaka 1602, zilikuwa na wanahisa, vitabu vya hesabu na gawio. Zilikuwa mali ya watu binafsi kabisa. Lakini faida yao ilitegemea karatasi iliyomkataza mtu mwingine yeyote wa nchi hiyo kufanya biashara ile ile, na karatasi hiyo ililindwa kwa mizinga. Smith aliichukia mno hali hiyo, hata akaandika kwamba serikali ya kampuni ya wafanyabiashara yenye haki ya pekee pengine ndiyo serikali mbaya kuliko zote kwa nchi yoyote ile. Kwa hiyo, anayetaka kuutambua mfumo asitazame tu hisa ziko mikononi mwa nani. Atazame faida inatoka wapi: je, inatokana na kumridhisha mteja kuliko mshindani ambaye yuko huru kuingia sokoni kesho asubuhi, au inatokana na mkono wa serikali unaomzuia mshindani huyo mlangoni? Ubepari wa soko huria ni ule wa kwanza. Ule wa pili ni umerkantili, hata ukipewa jina zuri kiasi gani.

Smith mwenyewe, tangu mwaka 1778, aliajiriwa kuwa mmoja wa makamishna wa forodha wa Uskoti, na katika barua aliyoiandika baadaye alisimulia jinsi alivyosoma orodha ya bidhaa zilizokatazwa, akakuta kwamba karibu kila alichokuwa akivaa kilikuwa kimo, akavichoma. Nawakumbusha hilo wale wanaomtaja kama nabii wa kufungua kila mpaka. Isitoshe, aliikubali ile sheria ya meli, kwa hoja kwamba ulinzi wa nchi ni muhimu kuliko utajiri.

Tukija kwetu, historia ina kejeli ambayo haifundishwi vya kutosha. Bonde la Kongo ni mahali ambapo soko huria liliandikwa katika mkataba wa kimataifa kabla ya nchi yenyewe kuwapo. Kifungu cha 1 cha Mkataba wa Berlin wa 1885 kiliwahakikishia raia wa mataifa yote uhuru kamili wa biashara katika bonde hilo, na kifungu cha 5 kikakataza dola yoyote yenye mamlaka huko kutoa haki ya pekee au upendeleo wowote wa kibiashara. Hakuna mwanafalsafa wa soko huria ambaye angeomba maneno bora zaidi. Mwaka huo huo, Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, alitoa amri iliyoifanya ardhi yote iliyoitwa tupu kuwa mali ya dola lake. Mwaka 1891 amri nyingine ikawataka maofisa wake wajihakikishie pembe za ndovu na mpira unaotoka katika ardhi hiyo, kisha maeneo makubwa ya mpira yakakabidhiwa kampuni kama vile Abir na Anversoise. Mfanyabiashara wa taifa lolote alikuwa huru kabisa kununua, ila hapakuwa na kitu cha kununuliwa, kwa kuwa kila mti ulikuwa na mwenyewe na kila mwanakijiji alidaiwa kodi ya kazi. Uhuru ulibaki katika mkataba. Haki ya pekee ikatawala msituni, kwa bunduki na kiboko.

Aliyeubaini udanganyifu huo kwa hesabu tupu ni Edmund Morel, karani wa kampuni ya meli ya Liverpool. Bandarini Antwerp, mwishoni mwa miaka ya 1890, aliona meli zikifika kutoka Kongo zimejaa mpira na pembe, na zikirudi zikiwa na silaha na risasi, pamoja na bidhaa chache mno za kubadilishana. Akahitimisha kwamba watu wasiolipwa chochote kwa mali wanayotoa hawafanyi biashara. Wanafanyishwa kazi kwa nguvu. Nataka tuitazame hesabu hiyo kwa macho ya Thomas Mun. Kongo ya wakati ule ilikuwa ikiuza nje vitu vya thamani kubwa sana na kuingiza vidogo sana. Kwa kipimo cha umerkantili, ilikuwa na ziada ya biashara ya kupigiwa mfano, na ilipaswa kuhesabiwa miongoni mwa nchi zinazotajirika. Mama anayeuza mahindi yote ya shamba lake na kurudi nyumbani bila unga, hela zake zikiwa mikononi mwa mtu mwingine, naye ana ziada ya aina hiyo. Nalitaja hili kwa sababu kila mwaka bado tunatangaziwa kwa fahari tani zilizovuka Kasumbalesa, na kwamba Kongo sasa inatoa shaba nyingi kuliko nchi yoyote duniani isipokuwa Chile. Ni takwimu ya kweli. Ila haituambii lolote kuhusu bukari, yaani ugali, iliyoko mezani Katuba au Ruashi, mitaa ya Lubumbashi.

Katanga iliingia katika mpango huo kwa kuchelewa kidogo, lakini ikaingia mzima mzima. Mwaka 1900 iliundwa Kamati Maalumu ya Katanga, chombo cha ajabu ambamo dola la Leopold na kampuni binafsi waligawana utawala wa ardhi na madini, theluthi mbili kwa moja. Mwaka 1906 ikazaliwa kampuni ya kuchimba shaba, Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ikaufikia mji uliopewa jina la Élisabethville, na mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi likaanza kuyeyusha shaba, chini ya bomba la moshi ambalo mpaka leo mgeni huonyeshwa kabla ya kitu kingine chochote. Shaba hiyo ilikamilishwa kusafishwa Ubelgiji. Njia ya kuitoa nayo ilikuwa na siasa zake: njia fupi zilipita katika ardhi za Waingereza na Wareno, kwa hiyo Wabelgiji wakajenga reli kutoka Bukama hadi Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, iliyokamilika mwaka 1928, ili madini yasafiri ndani ya koloni mpaka Matadi, kwa reli, kisha kwa boti, kisha kwa reli tena. Waliiita njia ya taifa. Colbert angeitambua mara moja.

Kwa mkulima hali ilikuwa ngumu zaidi, maana yeye hakupewa hata mshahara wa mgodini. Tangu mwaka 1917 kilimo cha pamba kilifanywa cha lazima katika maeneo mengi ya koloni, pamoja na kaskazini mwa Katanga, na mavuno yaliuzwa kwa kampuni moja tu iliyopewa eneo hilo, kwa bei iliyopangwa na wakubwa. Mkulima aliyegoma alifungwa. Mnunuzi wa pili, ambaye angekuja na faranga chache zaidi, alizuiwa na sheria. Ninapowasikia vijana wakisema kwamba ubepari ulimnyonya babu yao kule Kongolo, nawaelewa, na uchungu wao ni wa haki. Lakini babu huyo hakupata kuona soko hata siku moja.

Miaka ya Mobutu nitaipitia haraka, kwa kuwa mwenye mamlaka alibadilika na muundo haukubadilika. Union Minière ilitaifishwa kuanzia Januari 1967, ikawa baadaye Gécamines, kampuni ya madini ya dola. Mwaka 1974 uuzaji wa madini nje ukakabidhiwa shirika moja la dola, Sozacom, mpaka lilipovunjwa miaka kumi baadaye. Novemba 1973, kwa hatua iliyoitwa zaireanizasyo, maduka na mashamba ya wageni yaligawiwa raia walioteuliwa, na aliyeteuliwa hakuwa lazima ajue kuuza chochote. Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba mwaka 1986, lakini kufikia miaka ya 1993 na 1994 ilikuwa imeporomoka hadi sehemu ndogo mno ya kiasi hicho.

Kisha ikaja Kanuni ya Madini ya 2002, iliyoandikwa kwa msaada wa Benki ya Dunia, na kila mtu akasema kwamba sasa soko limefunguliwa. Lilifunguliwa kwa mtaji, hilo halina shaka, na mtaji ulikuja. Lakini hati bora za migodi zilikuwa tayari mikononi mwa Gécamines, na zilitoka humo kwa mikataba iliyojadiliwa chumbani, bila mnada, bila washindani kukaa mbele ya watu na kila mmoja kutaja bei yake. Tume iliyoundwa mwaka 2007 kuipitia mikataba hiyo haikuona hata mmoja wa kuachwa kama ulivyo. Mwaka uliofuata ulitiwa saini mkataba wa Sicomines, ambapo kampuni za Wachina zilipata asilimia 68 ya hisa kwa ahadi ya barabara na majengo. Unaweza kuutetea mkataba huo au kuupinga, lakini ni makubaliano kati ya dola na kampuni za dola nyingine juu ya malighafi kwa miundombinu. Smith hana lolote la kufanya humo. Marekebisho ya mwaka 2018 yalipandisha mrabaha wa kobalti, iliyotangazwa kuwa madini ya kimkakati, hadi asilimia 10; hilo ni suala la kodi, na nchi yenye soko huria inaweza kutoza kodi kubwa au ndogo bila kuacha kuwa na soko huria.

Anayetaka kuona kwa macho yake soko lisilo huria aende Musompo, nje ya mji wa Kolwezi. Mchimbaji wa mikono hufika na viroba vyake vya mawe ya kijani na nyeusi, juu ya pikipiki au nyuma ya gari. Mbele ya kila depo, yaani kituo cha kununulia mawe, kuna ubao ulioandikwa kwa kalamu nene: upande mmoja asilimia ya kobalti au shaba ndani ya jiwe, upande wa pili bei ya kilo kwa faranga. Mpimaji huchukua unga kidogo wa jiwe, huubana chini ya kifaa cha mkononi ambacho wachimbaji hukiita metorex, namba hutokea, kiroba hupandishwa mzani, kisha hukatwa kiasi kwa ajili ya unyevu. Kifaa ni cha mnunuzi, mzani ni wa mnunuzi, ubao ni wa mnunuzi, na malalamiko ya wachimbaji juu ya vitu hivyo vitatu yana umri sawa na depo zenyewe. Mtetezi wa soko huria atasema kwamba dawa yake ni rahisi: mchimbaji aende depo ya pili, au auze mwenyewe ng'ambo. Lakini sheria inamtaka awe na kadi, achimbe katika eneo lililotengwa, na auze kwa wanunuzi walioidhinishwa peke yao. Na tangu mwaka 2019 iko kwa maandishi Entreprise Générale du Cobalt, tawi la Gécamines, yenye haki ya pekee ya kununua kobalti yote ya wachimbaji wa mikono. Nia iliyotangazwa ni njema: bei ya haki, usalama, kuzuia utoroshaji. Muundo wake, hata hivyo, ni ule ule wa pamba ya 1917, wauzaji wengi na mnunuzi mmoja, na sijui kwa nini tunatarajia matokeo tofauti bila kwanza kuuliza ni nani atakayempinga mnunuzi huyo atakapopanga bei.

Upande wa unga mambo hugeuka. Lubumbashi hula mahindi ya Zambia kwa kiasi kikubwa, na Zambia hufunga uuzaji wa mahindi nje kila hofu ya njaa inapoikaribia, kama ilivyofanya katika ukame wa 2024. Sisi hulalamika, na kwa haki. Mpishi wa bukari kule Kenya, mtaa wa Lubumbashi, hana kosa lolote. Ila tunapozuia bia ya Ndola, wao wanasikia yale yale tunayosikia sisi wanapozuia unga. Sioni ubaya wa kiwanda cha bia cha Lubumbashi kutaka ushuru umlinde. Ningekuwa na kiwanda, ningetaka hivyo hivyo. Ninachotaka kisemwe wazi ni nani anayelipa: mnywaji analipa, mwenye baa ndogo analipa, na fedha hiyo inakwenda kwa mwenye kiwanda. Kama serikali inaona kwamba ajira za kiwandani zinastahili mchango huo, iseme ni kwa miaka mingapi na kwa sharti gani. Marufuku isiyo na tarehe ya mwisho haijengi kiwanda. Inajenga mteja asiye na pa kwenda.

Sasa tufike kwenye kobalti, ambako tumethubutu kuwa wamerkantili kwa uwazi. Februari 2025 serikali ilisimamisha uuzaji wote wa kobalti nje kwa miezi minne, kwa kuwa bei ilikuwa imeshuka chini ya dola 10 kwa ratili. Juni ikaongeza miezi mitatu. Na kuanzia katikati ya Oktoba ikaweka kwota: tani 18,125 kwa sehemu iliyobaki ya mwaka huo, na tani 96,600 kwa mwaka katika 2026 na 2027. Nchi inayotoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani ina uwezo ambao Colbert hakuuota, na bei ilizidi mara mbili kabla ya mwaka kwisha. Wale wa soko huria wana jibu zito, ambalo halipaswi kudharauliwa: mnunuzi aliyebanwa hutafuta njia nyingine, na njia ipo, kwa kuwa betri za chuma na fosfati, zisizohitaji kobalti hata chembe, zimekwisha kuenea katika magari mengi ya Wachina. Kila mwezi wa bei ya juu ni sababu nyingine ya kumwacha mwenye kobalti na mali yake mkononi. Hata hivyo hoja hiyo inasahau kwamba bei iliyoanguka haikuletwa na mamilioni ya wauzaji wadogo wanaoshindana. Ililetwa na migodi michache mikubwa inayochimba shaba na kutoa kobalti kama mali ya pembeni, ambayo haina sababu ya kupunguza hata bei ikifika chini. Soko lilikuwa limekwisha kuwa la wachache kabla ya serikali kuligusa.

Kwa hiyo mimi siipingi kwota kwa sababu ni ya kimerkantili. Marekani ya Alexander Hamilton, ambaye mwaka 1791 aliliomba bunge lilinde viwanda vichanga, haikukua kwa kufuata Smith neno kwa neno, na Indonesia ilipofunga uuzaji wa nikeli ghafi mwaka 2014, ikalegeza, kisha ikafunga tena Januari 2020, ilipata viyeyushio vingi, hata kama jopo la Shirika la Biashara Duniani liliihukumu mwaka 2022. Lakini Indonesia ilikuwa na umeme wa makaa ya mawe wa kuviendesha viyeyushio hivyo. Sisi tulijaribu mwaka 2013 kuzuia makinikia yasitoke nje, na zuio hilo likaahirishwa mara kwa mara kwa sababu moja ambayo kila mkazi wa jiji hili anaijua akiwa gizani. Waya wa umeme kutoka bwawa la Inga kwenye Mto Kongo, wenye urefu wa kilomita 1,700 hivi hadi Kolwezi, ulikamilika mwaka 1982, na migodi mpaka leo hununua umeme kutoka Zambia. Kumzuia mtu asiuze jiwe ghafi bila kumpa moto wa kuliyeyusha ni kuchukua nusu ya umerkantili iliyo rahisi, ile ya karatasi, na kuiacha nusu ya gharama.

Jambo linalonitia wasiwasi katika kwota ni namna ilivyogawiwa. Kila kampuni ilipewa sehemu kwa kadiri ya ilichokuwa ikiuza nje zamani, na kwa hesabu hiyo CMOC ya Wachina ikapata sehemu kubwa kuliko wote, ikifuatiwa na Glencore ya Uswisi. Maana yake ni kwamba faida ya bei kubwa, iliyopatikana kwa nguvu ya dola la Kongo, inagawiwa bure kwa waliokuwa ndani tayari, na mwingine yeyote, Mkongo au mgeni, mwenye njia nafuu au salama zaidi ya kuchimba, hana pa kuingilia hadi mwisho wa 2027. Kwota hizo zingeweza kuuzwa kwa mnada, na tofauti ya bei ikaingia hazina. Zimebaki tani 9,600 kwa mwaka ambazo ARECOMS, mamlaka inayosimamia soko la madini ya kimkakati, imeachiwa ili izigawe kwa miradi inayoonekana kuwa na umuhimu kwa taifa. Hizo bado zinaweza kuuzwa mbele ya watu, jina la mnunuzi na bei vikachapishwa, na chama cha ushirika cha wachimbaji wa mikono kikaruhusiwa kutoa bei yake sawa na kampuni yenye ofisi Shanghai au Geneva. Zikigawiwa kwa barua kutoka ofisini, basi mgawo huo utakuwa na watetezi wengi kuliko kwota yenyewe, na mwaka 2028 utakapofika, hao ndio watakaokwenda Kinshasa kuomba usiondolewe.